Malalamiko ya Mpika Chapati Kuhusu Gauni, Paka na Karatasi ya Dokta

Rumonge, karibu na soko la samaki
Jumanne, wiki moja kabla ya Idd

Kwa Mheshimiwa Dokta Darius,
Muganga wa matumbo ya watoto, Bujumbura.

Amahoro, Dokta. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako, na kwamba wote bado wanaruhusiwa kula. Mimi ni Kabibi, bibi yake Raisa, yule mtoto wa miaka saba uliyempima damu ukaandika kwenye karatasi kwamba asiguse ngano maisha yake yote, kwa sababu ya kitu kinaitwa gluteni. Pengine umenisahau. Ndimi yule mama wa kitenge cha njano aliyekuletea chapati kumi ndani ya sahani ya kufunikwa, nawe ukarudi nyuma na kiti chako.

Nauza chapati mjini hapa mwaka wa thelathini na moja huu. Kwa hiyo nakuandikia kwa heshima zote, na malalamiko nimeyatia namba usije ukasema hukuyaona.

1. Kuhusu chakula ulichotuamuru. Tulitoka hapa alfajiri, tukakaa kwenye benchi yako mpaka adhuhuri, nawe mtu uliyesoma mpaka Ulaya ukavua miwani ukatuambia mtoto ale vizuri: ugali wa muhogo, samaki wa ndagala na mukeke, maharage, mboga za lenga-lenga, ndizi, wali, na mawese kidogo. Dokta, hicho ndicho tunachokula siku ambazo hakuna kitu. Mwanangu Ismaili, baba wa mtoto, alikushukuru mara tatu. Mimi nilinyamaza kwa kuwa nimelelewa. Huku kwetu mgeni hawekewi muhogo mbele yake, labda kama unataka aende zake.

2. Kuhusu chapati ya kwanza. Sisi wapika chapati, ile ya kwanza kutoka kwenye kikaango haiuzwi. Anapewa mtoto wa nyumbani, anaila pale pale mbele ya mbabula ya makaa, ndipo kazi inafunguka. Marehemu mama alinipa mimi, mimi nikampa Ismaili, na Raisa ameila kila asubuhi tangu aote meno. Wewe umeifuta kwa kalamu ya buluu. Tangu karatasi yako ifike, ya kwanza nampa paka. Paka hana shukrani, na wateja wamepungua.

3. Kuhusu mkwe wangu Aksanti, mama wa mtoto. Ni mtoto wa Uvira, mwenye adabu zake, mpaka siku ulipompa karatasi. Sasa ana sufuria yake, mwiko wake na kikaango chake, amevifunga kamba nyekundu. Nikitoka kazini ananiambia, "Mama, unawe mikono kwanza," kabla sijamshika mjukuu wangu, utafikiri nimetoka kuosha maiti. Na ninanawa, Dokta. Nyumba ni yangu.

4. Kuhusu majirani, ambao hukuwapima na wamekwisha kupona. Kornelia, auzaye unga wa muhogo nyuma yangu, alipopata habari akatundika kibao: UNGA BILA GLUTENI. Ni unga uleule wa Nyanza-Lac, na gunia ni lilelile lenye kiraka. Sasa wenye magari wanasimama kwake. Mumewe Olivier naye amegundua kwamba gluteni ndiyo iliyomharibia maisha, hata ile kazi aliyofukuzwa. Akipita mbele ya chapati zangu anashika tumbo. Mtu aliyesoma akaniambia bia inatokana na shayiri, na shayiri nayo iko na gluteni. Nikampelekea Olivier habari hiyo kwa nia njema. Akanijibu kwamba ya kwenye chupa haimdhuru kwa sababu inakuja baridi.

5. Kuhusu ugonjwa wenyewe. Naomba radhi, lakini ugonjwa huo hakuna. Ushahidi ninao: gauni la Idd la Raisa, la rangi ya chungwa, nililomshonea alipokuwa na miaka mitano. Amelivaa Idd nne, na linamkaa vilevile kama siku ya kwanza. Mtaa mzima unamsifu kwa kutunza nguo. Mtoto mgonjwa angetunza nguo hivyo? Na tumbo lake kubwa ni la ukoo wetu.

6. Kuhusu swali lako. Hili ndilo lililonichoma. Tuliporudi kwako baada ya miezi mitatu, ukaona damu ni ileile na kilo ni zilezile, ukauliza mbele ya watu: "Nani anampa huyu mtoto ngano?" Ismaili akainamisha kichwa. Aksanti alilia ndani ya gari mpaka Rumonge, na kesho yake akamchukua mtoto wakahamia kwa shangazi yake huko Kigwena, kwenye michikichi, kusikouzwa hata biskuti. Leo ni mwezi wa tatu. Asubuhi nageuka na chapati mkononi, hakuna mtu. Ulituvunjia heshima bure, Dokta. Nyumba yetu ni ya watu wa kweli.

Kwa hayo yote, naomba uandike karatasi nyingine, yenye muhuri, kwamba mtoto akatazwe ngano zote isipokuwa ya Kabibi. Kama haiwezekani, ngano ikatazwe kwa watu wote wa pwani hii ya ziwa, kutoka Rumonge mpaka Kabonga, maharusi na wakubwa wa serikali wakiwemo, ili mjukuu wangu asiwe peke yake. Na kama hilo nalo ni gumu, basi uje mwenyewe asubuhi ya Idd, ukae kwenye kigoda changu, umweleze Raisa sahani zikiwa zinapita.

Wasalimie mama watoto, watoto, na yule nesi mwenye huruma. Msalimie na askari wa mlangoni. Nimesikia zile chapati kumi alizimaliza yeye.

Ni mimi, mwenye uchungu na adabu,
Kabibi binti Aruna, mpika chapati.

Nyongeza, Jumapili. Barua ilichelewa kupata mtu wa kuipeleka. Jana Aksanti amerudi na mtoto kwa ajili ya Idd. Nikamvisha gauni. Halikufunga. Nikafumua mishono ya mbavuni, huku na huku, likapita mabega kwa taabu, likaishia juu ya magoti. Tumbo limeingia ndani. Amekula muhogo na ndagala miezi mitatu, basi.

Hakuwa anatunza nguo, Dokta. Alikuwa hakui.

Lile swali lako, ni mimi. Kila asubuhi, kabla Aksanti hajaamka, hata baada ya karatasi. Habari ya paka ni uongo. Nilimwambia mtoto asiseme, naye hakusema, hata ulipomtazama machoni. Usimwambie Aksanti, nitamwambia mwenyewe Idd ikipita.

Leo nimenunua unga kwa Kornelia, nikapika kwenye kikaango chenye kamba nyekundu. Ya kwanza imekatika vipande vitano. Raisa ameila yote, akauliza kama hii inaruhusiwa kusemwa.