Mzee Ameachwa Kwenye Basi

Jumatatu, 4 Machi

Nimempoteza Mzee. Kwenye basi! Nilishuka na mtoto, mkoba, mwavuli na mfuko wa viazi, nikajisifu moyoni kwamba leo sijasahau kitu. Basi likaondoka. Bosi akalinyooshea kidole na kuanza kulia. Mimi nikamwambia ampungie dereva mkono. Mama gani mimi.

Mzee ni doli. Naliandika hilo ili siku Bosi akikua akasoma humu asidhani nilimtelekeza babu wa watu. Mama mkwe alimshona kwa soksi ya marehemu baba mkwe, ile ya kijivu aliyovaa na viatu vya kazini. Akamjaza pamba, akamtia macho ya vifungo vya koti la marehemu. Ndiyo maana anaitwa Mzee. Bosi ni mwanangu, mwaka mmoja na ushei. Jina ni la utani, amri zake ni za kweli. Bila Mzee kifuani halali, na asipolala yeye halali mtu.

Mama mkwe anakuja Jumapili. Kitu cha kwanza atakachouliza kinajulikana.

Mume wangu yuko zamu ya usiku kiwanda cha mikate, hajui lolote. Wifi yangu, dada yake, anayekaa nasi, ameuliza Mzee yuko wapi. Nimemwambia nimemfua, yuko kwenye kamba. Ametazama dirishani. Mvua inanyesha. Hakusema kitu. Simpendi kabisa akiwa hasemi kitu.

Namshukuru Mungu viazi vimefika salama.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kumshona Mzee mwingine. Soksi nimechukua ya mume wangu, kijivu vilevile. Vifungo nimetoa kwenye shati lake la sherehe, pale chini panapochomekwa, pasipoonekana na mtu. Pamba nimechomoa kwenye mto wa wifi. Kidogo tu.

Kazi safi! Nilimweka mezani nikamzunguka, nikajiona fundi. Nikampa Bosi. Bosi akamnusa. Akamkagua uso kama askari anavyokagua kitambulisho. Kisha akamtumbukiza kwenye beseni la vyombo na kunitazama mimi, kwamba je, kuna lingine?

Jioni nzima Bosi amelia, mimi nimeimba, wifi amegonga ukuta.

Kisha wifi akalalamika mto wake umekuwa bapa. Nilimjibu ni kichwa chake kimezidi uzito kwa kujua mambo mengi. Hapana, sikumjibu. Nilifikiri tu, nikafurahi sana.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda ofisi ya vitu vilivyopotea, kule stendi kuu, Bosi mgongoni. Chumba kirefu, rafu hadi darini. Miavuli, mabegi, viatu kimoja kimoja, gitaa lisilo na nyuzi. Mbele kuna kaunta, na nyuma ya kaunta kuna karani mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Nilitaka nipite nikatafute mwenyewe. Akakataa. Kila kinachookotwa huandikwa kwenye kompyuta, mteja naye huandika anachotafuta, kikionekana ndipo karani ainuke. Kuinuka hapendi, nimemwona.

Nikaandika: Mzee. Ikaleta! Bakora ya mzee. Kofia ya mzee. Meno ya bandia ya mzee, ndani ya kikopo.

Nikaandika: doli. Ikaleta madoli ya plastiki, moja halina kichwa. Nikaandika mwanasesere. Hakuna.

Hapo nikapata akili. Mbona nihangaike na neno moja moja? Nikayamimina yote, nisiache mwanya: mzee doli mwanasesere kijivu laini pamba mpendwa. Hakuna. Hata yale meno yakatoweka.

Karani akanieleza, bila kuinua macho, kwamba mashine hii inalinganisha maneno tu, herufi kwa herufi. Nikiandika maneno saba inatafuta kitu kilichoandikwa na maneno hayo yote saba. Kadiri ninavyoongeza ndivyo ninavyojifungia mlango. Nikamwambia basi mashine yako haina akili. Akakubali, akasema haijawahi kudai kuwa nayo.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa amepoteza simu. Akaandika namba ndefu iliyoko kwenye boksi la simu yake, ikatokea palepale, moja, hiyohiyo. Akaondoka anachekelea. Nilimpongeza kwa taabu.

Nikamuuliza karani Mzee wangu atakosaje kuwamo wakati alikuwa ndani ya basi lao.

"Mama, aliyemwokota hakujua kama anaitwa Mzee," akasema. "Ameandika alichokiona."

Mtu mkaidi. Ila alimshikia Bosi kikombe cha maji hadi akamaliza, nashukuru.

Alhamisi, 7 Machi

Jana niliona twiga wa manyoya kwenye rafu ya pili. Usiku, katikati ya makelele, nikapanga: nitasema ni wetu. Bosi atampenda, Mzee atasahaulika, mama mkwe nitamwambia watoto wa siku hizi hubadilika.

Nikafika mapema. Karani akaniuliza twiga wangu ana alama gani. Nikasema shingo ndefu. Akasema wote. Nikasema madoa. Akavua miwani. Nikasema ana macho ya huruma, na kwa kweli yalikuwa yananitazama kwa huruma.

Basi, mwenyewe akaingia. Mtoto wa kike, meno ya mbele hana, amemshika baba yake mkono. Akasema mkia wa twiga wake umeshonwa kwa uzi wa bluu kwa sababu ulikatika akiwa anaumwa. Karani akamgeuza twiga. Uzi wa bluu! Yule mtoto alimkumbatia bila sauti, akafumba macho. Na mimi nikaanza kulia pale kwenye kaunta kama niliyekatwa mkia.

Karani hakunifukuza. Aliniletea kiti. Akasema nirudi kesho, kuna fundi anakuja kuweka namna mpya ya kutafuta. Nikamuuliza hiyo ina akili? Akasema tuonane kesho.

Watu wema wapo. Hata wenye plasta kwenye miwani.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Fundi alikuwa amemaliza. Karani akanieleza: ile ya zamani ilitafuta neno lenyewe, hii inatafuta maana. Ukiandika kitu cha kujikinga na mvua italeta miavuli na makoti, hata kama neno mvua halikuandikwa popote. Akaniambia nieleze kama ninavyomwambia jirani. Nikasema nimeelewa kabisa.

Nikaandika: Mzee.

Ikaleta bakora, meno, na safari hii ikaongeza fimbo ya kutembelea, miwani ya kusomea na picha ya babu kwenye fremu. Nikaandika tena kwa mkazo: Mzee doli doli doli. Lile lisilo na kichwa likawa la kwanza. Nikamwambia fundi amepoteza siku yake.

Mlango ukafunguliwa, akaingia wifi. Alikuwa amenifuata! Nikaanza kusema nimekuja kuulizia mwavuli.

"Wifi, acha," akasema. "Nimejua tangu Jumatatu. Nani anaanika doli kwenye mvua?"

Akakaa kwenye kile kiti. Nilidhani atanisema, nikajiandaa. Hakunisema. Akauliza kwa sauti ndogo kama nimeangalia chini ya viti vya basi. Kisha akajifuta macho kwa kiganja, haraka, kama anafuta vumbi. Ndipo nikakumbuka soksi ile ilikuwa ya baba yake. Siku zote hizi nilimhesabu Mzee kuwa wa Bosi na wa mama mkwe. Sikumhesabia wifi hata kidogo.

Nikapandwa na hasira, nikaamua kumshtaki mwenye mabasi. Nikaigeukia kompyuta nikaandika yote bila kupumua: nyie watu wa mabasi mwanangu halali, anataka kile kidude chake cha kukumbatia alichoshonewa na bibi yake kutoka kwenye vazi la babu, kilaini, kimechakaa, jicho moja kubwa jingine dogo, na shangazi yake analia hapa. Nikabonyeza kwa nguvu ili ifike kwa mkubwa wao.

Haikwenda kwa mkubwa yeyote. Ikatafuta. Cha kwanza: mto wa kunyonyeshea. Cha pili: Soksi ya kiume, imejazwa pamba, imetiwa vifungo viwili, imelowa.

Karani akasoma. Akainuka! Akarudi na boksi, na ndani ya boksi, kati ya glovu na kofia za watoto, Mzee amelala chali, mkono mmoja kichwani kama mtu aliyechoka kusubiri.

Fundi akatuonyesha: kati ya yale niliyoandika, hakuna hata neno moja la maana lililomo kwenye maandishi yao. Mashine imeelewa tu ninachokitafuta. Karani akasema imetusikiliza kama jirani.

Wifi ndiye aliyempokea Mzee. Alimnusa kwanza, ndipo akampa mtoto. Bosi akamweka kifuani, akashusha pumzi moja ndefu, akalala palepale mgongoni mwangu, katikati ya miavuli ya watu.

Njiani wifi alinibebea mkoba. Hakusema kitu. Leo nimempenda hivyohivyo.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amekuja. Amemwona Mzee mikononi mwa Bosi, akamchukua, akamkazia uzi wa shingoni uliolegea, akamshika muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Wifi hakutoboa siri. Mume wangu amenisifu mbele ya wote kwamba natunza vitu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru karani, fundi, dereva, na yule aliyeokota soksi iliyolowa akaona haifai kutupwa. Namshukuru wifi, nimemrudishia pamba yake yote.

Na sasa Mzee hatapotea tena, kwa sababu nimejifunza. Mchana nimemshonea utepe wenye maandishi, ili popote atakapoangukia apatikane haraka: Mzee, doli, mwanasesere, soksi, kidude, kijivu, laini, pamba, vifungo, babu, bibi, kukumbatia, mpendwa, imelowa. Utepe umemzunguka kuanzia shingoni hadi miguuni. Mama mkwe ameuliza kama anaumwa.

Wifi ameusoma wote, akimgeuzageuza, kisha akauliza mbona sikuandika namba yangu ya simu.

Nimemwambia nafasi imejaa. Ana wivu, maskini.