Kondoo Niliyemtoa kwa Kiingereza

Leo nimefedheheka, na kondoo hayupo.

Mimi hufundisha watu wazima Kiingereza kanisani kwetu, nje kidogo ya Kitengela. Asubuhi nilipitia sokoni nikanunua kondoo dume, mnono, wa kuwachinjia wakwe zangu. Wanakuja kesho, mara yao ya kwanza kukanyaga kwangu. Nikamfunga kwenye ua wa kanisa, nikaingia darasani.

Somo lilikuwa "give away", yaani kumpa mtu kitu chako kabisa bila kudai chochote. Nikaeleza. Wakanitazama. Nikaeleza tena, wakazidi kunitazama. Basi mwalimu hodari (huyo ni mimi) akaona atumie mfano hai. Nikatoka, nikamvuta kondoo mpaka mlangoni, nikamtia kamba mkononi Mzee Sironka, mkongwe kuliko wanafunzi wangu wote.

"I give away my sheep," nikasema kwa madaha.

Darasa likapiga makofi. Mzee akasimama, akavua kofia, akanishika mkono. "Ashe oleng, Paker," akanishukuru kwa Kimaasai.

"Mimi ni Kamau, mzee."

Mama Naserian, anayeketi mbele, akanihurumia. "Mwalimu, kwetu Wamaasai ukipea mtu kondoo mbele ya watu, hamuitani majina tena. Yeye ni Paker, wewe ni Paker. Mpaka kufa."

Nikamgeukia Mzee Sironka. "Mzee, hiyo ilikuwa mfano tu."

"Mfano mzuri sana," akasema. "Hii Kiingereza imenisumbua, lakini leo nimeelewa."

Huyo, akaondoka na kondoo wangu. (Kondoo mwenyewe hakugeuka hata mara moja.)

Ningemdai vipi, na darasa zima limepanga foleni kunipa mkono wa pongezi? Mama mmoja alisema hajawahi kuona Mkikuyu mkarimu namna hii. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na moyoni nilikuwa nalia.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote. Hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi.

"Wiki ijayo unawafundisha nini?" akauliza.

"Take off, yaani kuvua."

Akaitazama suruali yangu kwa muda mrefu, kisha akaingia jikoni kuangalia kama sukuma wiki itatosha watu wanane.

Tafadhali msinicheke. Na ambaye hawezi kujizuia, acheke akiwa njiani kuniletea kondoo.