Wauzaji Wasio na Turubai

Jumapili, 12 Oktoba

Ibada imeisha vizuri, kahawa imeisha vibaya. Papa Jérôme, mkuu wa likelemba yetu ya kuchangiana pesa, kasimama katikati ya ukumbi ameshika simu kama mtu aliyeshika nyoka. Kuna Mzungu kaandika kwenye internet kwamba Baridi Njema ni wezi. Baridi Njema! Kampuni yetu! Ndio wanaojenga vyumba vya baridi kule kwetu Uvira, vya kutumia jua, samaki wa ziwa wasioze. Mwaka huu, badala ya kupokezana mchango kama kawaida, likelemba nzima tulinunua actions zao, hisa za kampuni. (Laetitia wa ghorofa ya chini alifikiri nasema Action, lile duka la bei rahisi. Akaniagiza sabuni.)

Papa Jérôme akasoma kwamba huyo Mzungu ni vendeur à découvert. Hilo nikalielewa mara moja: muuzaji asiyefunikwa. Ni kama wale wa soko la Midi wanaouza bila turubai. Nikamhurumia, na mvua hii! Nikasema basi tumtafutie hata mwavuli. Maman Severina, Mtanzania wetu, akainamia kikombe chake, mabega yanatikisika.

Kumbe ni mtu anayefaidi bei ya actions ikianguka. Bon, hapo ndipo walipogawanyika.

"Muntu anayepata faida ukikufa," Papa Jérôme kasema, "huyo haiko docteur."

"Hata mchimba kaburi ana macho, Papa Jérôme," Severina kamjibu. "Anaweza kuona kweli kwamba unaumwa."

Wakaendelea hivyo mpaka mlinzi akatuzimia taa. Mimi sikuwa upande wowote. Niliwaza kitu kimoja tu: nimepata sababu ya kumpigia Keren.

Keren mwanangu anakaa Laeken, mji huuhuu wa ugenini, anafanya kazi benki, kwenye majumba yale ya vioo ya Gare du Nord. Mimi niko Saint-Gilles. Ni safari ya tram tu! Tangu Pasaka hajakanyaga hapa. Watu wananiita Mama Keren kutwa nzima, Keren mwenyewe haniiti. Lakini mtajie actions, anakuwa mtu mwingine. Ndiyo maana nilizinunua, Mungu anajua. Leo kanieleza mpaka chai yangu ikapoa. Kasema niuze haraka. Nikasema sijaelewa. Kasema basi atanipigia tena.

Atanipigia!

Jumanne, 14 Oktoba

Kapiga! Kanieleza kwa vitenge, kama mimi ndiye mtoto. Unaazima kitenge kwa Severina. Unakiuza. Maneno yanasambaa kwamba kinachuja, bei inaanguka. Unakinunua tena kwa bei ya bure, unamrudishia Severina chake, kinachobaki ni chako. Nikauliza, na hayo maneno nani anayasambaza? Akajibu: "Hapo ndipo watu wanagombana, maman."

Alors. Benki siijui, lakini mambo ya vitenge wanaulizwa watu kama mimi. Na kitenge cha Severina cha mbayuwayu kiko kabatini mwangu, aliniazima siku ya ubatizo. Kabla ya chakula cha mchana nimeshamuuzia Laetitia. Kisha nikawanong'oneza wanakwaya kwamba kinachuja. Nilinong'ona kwa sauti ya kutosha. Kama kinachuja kweli? Nitajuaje, sijawahi kukifua.

Faida ikipatikana nitanunua ndagala, dagaa zile nzuri za Tanganyika. Nitampikia Keren. Akisikia harufu atakuja mwenyewe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Msiba. Laetitia kasikia yale maneno. Nilingoja aje kunirudishia kwa bei ya kutupa, kama Keren alivyofundisha. Yeye kaenda kukijaribu! Maji ya moto, tena pamoja na mashati ya mume wake. Mashati yote bluu. Mbayuwayu wamehama kitenge, wamehamia kwenye makwapa ya baba wa watu. Laetitia kapanda ngazi na beseni. Kasema tangu azaliwe hajaona mwanamke anayeuza kitu asubuhi na kukitukana jioni. Anataka pesa yake, na mashati.

Beseni halijatoka mlangoni, simu inalia. Severina, na ule upole wake wa Tabora: "Samahani Mama Keren, naomba kile kitenge changu cha mbayuwayu. Jumamosi nina send-off ya mtoto wa rafiki yangu."

Nikakimbilia Matongé, kwenye maduka ya vitenge. Mtaa mzima umebaki na kitenge kimoja cha mbayuwayu. Muuzaji aliona jasho langu kabla hajaona pochi. Bei ikapanda huku naitazama. Nikalipa, nikampelekea Severina kama chake.

Nikampigia Keren, nikamweleza yote. Kacheka mpaka akakohoa. Kasema nimebanwa, na kwamba matajiri wakubwa wanabanwa hivyohivyo, tofauti yetu ni suti. Nilishika simu kwa mikono miwili. Kicheko kile sijakisikia tangu alipokuwa na mapengo.

Kama Matongé wangekuwa na kitenge kingine ningekwenda kukinunua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Likelemba imekutana asubuhi kwa ajili ya Baridi Njema, ikaishia kwa ajili yangu. Laetitia kaja na beseni. Severina, aliyekuwa tayari amevalia send-off, akaangalia beseni, akajiangalia kiunoni, akaangalia tena beseni.

"Kumbe hiki nilichovaa si changu?"

Papa Jérôme alifurahi sana. Kasema ndicho anachohubiri kila siku: Mama Keren katunga uongo, na uongo ndio ulioharibu kitenge. Bila yale maneno, Laetitia angetia maji ya moto kwa nini? Severina akasema hapana, kitenge kizuri hakiogopi maji. Kilikuwa kibovu tangu dukani.

"Mama Keren alisema uongo," kasema, "na uongo wake ulikuwa kweli."

Wote wakanigeukia, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Sijui! Nilitaka tu kile kidogo kinachobaki, ninunue ndagala. Severina kanisamehe, maana hiki kipya kina rangi nzuri zaidi. Laetitia bado.

Nimerudi nyumbani, nimekuta sauti ya Gracieuse kwenye simu. Gracieuse ni mdogo wangu, yuko Uvira. Nilimtuma kimyakimya akatuangalizie hicho chumba cha baridi. Kaenda. Chumba kiko. Rangi safi, mlango mzito. Ndani joto kama tanuri. Zile sahani za kukamata jua hazijaunganishwa na kitu chochote, mlinzi kaanika ndagala juu yake. Kasema zinakauka vizuri ajabu.

Nyuma ya maneno yake ziwa linapiga mawe. Nimesikiliza tena. Na tena. Chumba sikukijali hata kidogo.

Donc yule Mzungu kasema kweli. Lakini nikiwaambia, mjadala umekwisha. Papa Jérôme atanyamaza, Keren atasema "unaona?" na kurudi kwenye vioo vyake. Kwa hiyo sijamwambia mtu. Keren kapiga jioni, kauliza kama kuna jipya. Nikasema mambo bado hayaeleweki, tena yanazidi kutoeleweka. Kavuta pumzi. Kasema basi kesho atakuja tuongee uso kwa uso.

Atakuja!

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda kanisani. Mungu ananijua, na ndagala zinaungua upesi.

Kaja. Kakonda. Koti zuri, lakini ndani ya koti hakuna mtu. Nimemwekea bugali, sombe ya majani ya muhogo, ndagala za pilipili. Akakunja mikono ya shati, akala kwa vidole kama zamani, akinieleza habari za actions huku mdomo umejaa. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo. Sikusikia hata neno.

Nikaingia jikoni kuongeza sombe. Nilikuwa na furaha nyingi, nikataka kusikia na ziwa pia, ili siku itimie. Nikafungua sauti ya Gracieuse, kidogo tu. Kumbe mlango wa jikoni haujafungwa. Kugeuka, Keren kasimama pale na tonge mkononi. Kasikia yote. Tanuri, sahani, ndagala za mlinzi.

Kauliza nimeipata lini. Nikasema jana. Kaniangalia muda mrefu, na macho yale ya baba yake.

"Maman," kasema, "haiko lazima wakuibie ndio nikupigie."

Nikamwongezea samaki.

Actions kaagiza yeye mwenyewe kwenye simu yangu, kwa mkono ule msafi, ziuzwe kesho soko likifunguliwa. Kitakachopatikana hakitatosha mashati ya mume wa Laetitia. Kisha kakaa chini, kasema: weka tena ile ya ziwa. Tukasikiliza wawili, sahani zimekauka mbele yetu. Kaahidi atapiga kila Jumapili. Nami nimeapa kwa jina la Bwana: sinunui tena action ya mtu yeyote, hata ya malaika.

Jumatano, 22 Oktoba

Jumapili iko mbali sana. Sijui nani aliipanga wiki hivi.

Nimewaambia likelemba habari za Gracieuse. Severina kasema mnaona. Papa Jérôme kasema Gracieuse kanunuliwa na yule Mzungu. Watagombana mpaka Krismasi.

Baada ya hapo Papa Jérôme akanivuta pembeni. Kuna kampuni mpya. Hawa hawagandishi samaki, wanawakausha. Kwa jua! Juu ya sahani! Nikamwambia hiyo naijua, mdogo wangu kaiona kwa macho yake, zinakauka vizuri ajabu. Akaongeza kwamba kuna Mzungu mwingine ameshaanza kuwaandika vibaya.

Nimenunua kidogo tu. Nikampigia Keren saa ya kazi. Kapokea kabla haijalia vizuri. Nikamweleza. Kapiga kelele, kasema maman, nisikilize sasa, nisikilize vizuri.

Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikaweka mto mgongoni.

"Taratibu, mwanangu," nikamwambia. "Anza mwanzo. Sijaelewa kitu."