Sisimizi Wavuka Mlamula

Jumatatu, 9 Juni
Ukungu Mabira tangu alfajiri. Dada Nikuze, mtafiti wa wadudu, kapata sisimizi asiyejulikana popote, chini ya majani makavu ya msitu wa bondeni. Anarudi Ijumaa kuhakikisha. Akimkuta tena, atampa jina la mwenye ardhi. Litadumu vitabuni. Mimi na Benitha hatukujaliwa mtoto. Nikifa, jina langu, Rwegoshora, linafutika. Ubaya: sisimizi yuko ng'ambo ya mlamula, mti wetu wa mpaka. Kwa jirani, Melkiory. Mwenye watoto tisa.

Jumanne, 10 Juni
Kung'oa mlamula ni dhambi. Majani je? Hayana hati. Melkiory kaenda gulioni Nkwenda. Nimekwangua msitu wake wote, magunia kumi na moja. Mgongo hauna kazi tena. Benitha kauliza nabeba nini. Matandazo, nikamjibu. Kasema ameomba migomba itandazwe miaka ishirini na sita, leo ndiyo nimesikia.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwaga yote kibanjani, chini ya migomba yangu. Sisimizi nimewaona: wekundu, wadogo kuliko punje ya ulezi, hawana haraka. Nimewakaribisha katika ukoo. Benitha naye, kwa furaha ya matandazo, kafungulia kuku.

Alhamisi, 12 Juni
Kuku wameshiba. Sisimizi waliosalia, jua limewamaliza. Nimefukua hadi magoti yakachubuka. Nimepata jongoo mmoja. Melkiory kapita, kanishukuru kwa kumfagilia msitu. Kasema, "Ta Rwegoshora, bado choo."

Ijumaa, 13 Juni
Nikuze kachekecha majani na udongo tangu asubuhi, kwa Melkiory na kwangu. Hakuna kitu. Kauliza nani kaondoa majani. Nikasema upepo. Melkiory kanitazama, kaenda zake; afadhali angenitukana. Dada wa watu kakaa juu ya jiwe, kalia. Huenda walikuwa wa mwisho duniani, kasema. Benitha kanipakulia ndizi bila kuniangalia. Kasema sasa sisi na wale sisimizi kweli ni ukoo mmoja: hakuna anayetufuata.


Jumamosi, 14 Juni
Nikuze kaondoka. Nilijibanza nyuma ya mlamula kwa aibu. Akipanda bodaboda kamwambia Melkiory kwamba kijitoni kwake kuna chura ambaye hajapata kumwona kokote. Atarudi mwezi ujao.
Nimelitafakari kosa langu kwa kina. Kuku hawali vyura.
Nimechukua ndoo.