Blogu ya Ufalme wa Mdalasini

Jumanne, 7 Julai 2009. Sabasaba.

Daftari langu, leo nimeingia katika historia. Mimi, Abuu wa viungo, Soko Kuu la Morogoro, nina blogu! Editha wa intaneti kafe kasema soko zima hakuna mwingine mwenye nayo. Nikamwambia, dada'ngu, mimi nimefika Mombasa, nimefika Zambia kwa treni, sishangai kuwa wa kwanza. Kauliza nataka rangi gani. Nikasema zote. Kakataa katakata, eti itafanana na kanga iliyochuja. Tumepatana kijani na nyekundu, na juu maandishi yanayotembea: UFALME WA MDALASINI. Yanatembea vizuri mno. Nimeyatazama mpaka muda wangu ukaisha.

Nia ni biashara, bila shaka. Soko huria hili! Tangu kiwanda nilichokuwa nafanya kazi kibinafsishwe na sisi tufagiliwe nje, kila mtu na ubunifu wake. Halafu kuna Semeni, mke wangu. Alipanda milimani kwao Kinole wakati wa masika kumuuguza mama yake. Mama kashapona, yuko shambani anapalilia. Semeni hajashuka. Aliniambia kwangu maneno ni mengi na kazi kidogo. Akiiona blogu atajua sasa ni kazi.

Nimekula mkate na chai. Kupikia mtu mmoja ni kuuonea mkaa.

Alhamisi, 9 Julai

Chini ya blogu kuna kidude kinachohesabu wageni. Wageni wote ni mimi.

Godlisten, mwenye meza inayotazamana na yangu, muuza viungo vya pakiti, kaja kuniuliza: Mfalme, raia wako wako wapi? Nikamwambia wako Ulaya, bado hawajaamka. Kacheka kama mtu anayesukutua.

Blogu bila maoni ni harusi bila wapiga vigelegele. Basi nimemuunda mama mmoja, nikampa jina Mama Wawili wa Tabata. Kaandika kwamba mdalasini wangu umemfanya mumewe aanze kurudi nyumbani mapema. Nikamshukuru. Akauliza hali. Nikasema nzuri. Akauliza, kaka Abuu, leo umekula nini? Nikajibu, mkate. Akanipa pole, akasema mwanaume hali mkate siku zote, mke wako yuko wapi? Nikamweleza yote. Mama mwenye utu kweli.

Editha kauliza mbona macho yamelowa. Nikamlaumu kwa kompyuta zake, zina mwanga mkali.

Jumapili, 12 Julai

Picha! Ile aliyonipiga Semeni siku ya Idi kule Kinole, nimeegemea mti wa mdalasini, mkono kiunoni, miwani ya jua. Chini yake nimeandika: "Bosi Abuu ndani ya shamba lake. Miti yote hii mpaka kule kwenye migomba ni yangu."

Editha kaguna. Bibi yake ni wa milimani. Kasema mjomba, huko juu shamba ni la ukoo wa mama, mume anakaribishwa kulima tu, sasa hii "yangu" umeitoa wapi? Nikamfundisha kwamba hili ni tangazo. Mteja wa Ujerumani anajua ukoo? Mimi mtoto wa Turiani, baba alitoka Tabora kuja kukata miwa. Kwetu mtu akishika jembe anasema langu, na hakuna anayeitisha kikao.

Nimechapisha kurasa zote kwa rangi, na maoni ya Mama Wawili yakiwemo, ili Semeni aone ninavyosifiwa. Nimempa dereva wa gari la ndizi ampelekee. Akisoma tu, atafungasha.

Nimefagia nyumba. Chini ya kitanda sijafika.

Jumatano, 15 Julai

Kashuka mtu, lakini si Semeni. Ni mjomba Pazi, kaka wa mama yake, mkubwa wa ukoo. Nikasema shikamoo mjomba. Kimya. Nikarudia kwa sauti, pengine masikio. Akawa anaitazama pilipili manga yangu.

Kumbe karatasi zangu zimesomwa barazani nje ya msikiti, watu wametoka kuswali. Zikasomwa mara ya pili kwa sababu waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Mara ya pili! Moyo ukaruka kwa furaha, nikaukalia.

Mjomba kasema, haya mkwe, hebu tuambie tulikuuzia lini. Miti ile aliipanda bibi yake Semeni, wakati huo baba yako hata njia ya kuja Turiani haijui. Kasema mdalasini wao siupati tena, hata gome la kuchokonolea meno. Na Semeni hashuki mpaka nipande na mbuzi, nisimame mbele ya watu wale wale, nitamke kwa kinywa changu shamba ni la nani. Akaondoka bila kuaga.

Godlisten alisikia yote. Hakucheka. Alinimiminia chai kutoka chupa yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumamosi, 18 Julai

Nimepanda Kinole. Mbuzi kapanda vizuri kuliko mimi.

Nimesimama barazani, nimesema: shamba ni la ukoo wa mke wangu, mimi ni mgeni wa jembe. Sauti ilitetemeka, nadhani ni mwinuko. Mjomba Pazi akamkagua mbuzi meno, halafu akasema: "Marahaba." Ilikuwa ya ile shikamoo ya Jumatano. Watu wakaangua kicheko, mbuzi akachukuliwa.

Semeni akanivuta pembeni. Nikadhani ataniuliza habari za shamba. Wapi! Alitaka kujua huyo Mama Wawili wa Tabata ni nani, anayemuuliza mume wa mtu kala nini. Nikaapa hakuna mtu kama huyo. Akasema ndivyo wanavyosema wote. Ikabidi niseme: Mama Wawili ni mimi. Hakuelewa. Nikaeleza tena, polepole, jinsi ninavyoandika hapa, nikahamia pale na kujijibu.

Alicheka mpaka akashika mti. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, yaani ulikuwa unajiuliza mwenyewe kama umekula? Nikasema ndiyo, na kujipa pole pia. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akatazama kwingine, akasema atashuka Jumanne. Sharti moja tu: nisiandike tena neno juu ya kwao kabla ya kumuuliza. Nikaapa, mkono juu.

Jumanne, 21 Julai

Kashuka! Kaingia jikoni kauliza nani kaziua sufuria zake. Kafika chini ya kitanda, kapiga ukelele. Nyumba ina sauti! Mchana kaja sokoni, kauza kuliko mimi, na Godlisten kamsalimia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona usoni mwake.

Jioni, wali wa nazi ukiwa jikoni, nimekimbia kwa Editha kusahihisha, maana mimi ni muungwana. Nikaandika: "Shamba ni la ukoo wa mke wangu." Sentensi ikasimama peke yake kama yatima. Nikaionea huruma. Nikaipa mwenzake: "Ukoo wenye ukarimu usio kifani. Wageni wote mnakaribishwa Kinole, malazi na chakula bure kwa mama mkwe wangu."

Kumuuliza Semeni sikuwahi. Alikuwa anapika, na mpishi hasumbuliwi.

Jumapili, 26 Julai

Blogu inasomwa! Inasomwa na watu wengine!

Juzi wanafunzi wa chuo, basi dogo zima, wamepanda Kinole na mabegi na gitaa, wakiulizia kwa mama mkwe wa Bosi Abuu. Mama kawapikia, atafanyaje, wageni ni wageni. Kuku wamekwisha. Wamelala mpaka jikoni. Jana hawakuondoka, eti hewa nzuri.

Dereva wa ndizi kaleta habari asubuhi. Semeni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama Kinole niliinua mkono au nilikuwa najikuna. Akafunga kanga zake. Nimemsindikiza hadi kwenye gari nikimweleza kwamba haya ndiyo mafanikio yenyewe, watu wametoka mbali kwa maandishi yangu. Akapanda mbele, akafunga mlango. Gari lilipoanza kuondoka akachungulia dirishani, akasema maharage yako kwenye sufuria ndogo, nisiyaache yakachacha.

Nimeyala nimesimama. Nikikaa, kile kiti kingine kinaonekana.

Lakini Abuu hakati tamaa, wasomaji sasa ninao! Nimetoka kwa Editha hivi punde. Yeye kashika kichwa, hajui biashara. Nimeeleza kisa chote kwenye blogu, na chini, kwa herufi kubwa nyekundu, nimeweka namba ya simu ya mjomba Pazi: msomaji, popote ulipo, mpigie mzee huyu saa yoyote, usiku au mchana, umwombe amwachie Semeni ashuke.