Bomba Safi la Buti Jeupe

Jumatatu, 3 Machi

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba bomba la majitaka husafishwa kwa maji. Sivyo. Husafishwa kwa ripoti. Maji ni msaidizi tu.

Halmashauri inatafuta mkandarasi wa kuzibua mabomba ya mji mzima na kuyakagua kwa kamera ya kuingia bombani. Leo tumeitwa ukumbini, waombaji wawili tuliobaki. Mhandisi, mama mkimya mwenye miwani, ametupa jaribio. Kila mmoja ana kipande chake cha bomba, toka chemba hadi chemba. Akisafishe, apitishe kamera, Ijumaa alete video na ripoti. Mimi kipande namba nne, nyuma ya soko. Namba saba, mtaa wa shule, kimemwangukia Buti Jeupe.

Huyu nilimfundisha darasa la sita. Sasa anafanya kazi ya majitaka kwa mabuti meupe, na hayachafuki. Sijui anatumia nini. Nilimweleza kwa ufupi historia ya mabomba ya udongo. Mhandisi alikuwa bado anasema jambo kuhusu vibao, lakini historia haikatizwi katikati.

Nyumbani, mke wangu ametoa tamko. Gari langu la majitaka limekaa uani miaka mitatu, na kamba zake za kuanikia nguo zimehamia barazani. Nikikosa kazi hii, Jumamosi linaondoka kama chuma chakavu. Nimemwambia Jumamosi litaondoka kweli, likienda kazini.

Jumanne, 4 Machi

Nimewasha pampu nyuma ya soko. Maji yametoka kwa nguvu ya mtu anayemwagilia miche. Nikaongeza mwendo. Mpira ukapasuka, na maji yote yakamwishia fundi viatu aliyekaa hatua tatu kutoka chembani. Nilimweleza sababu za mpira kupasuka, ambazo ni nne. Alisikiliza mbili, akasema, "Mzee, pampu yako inaumwa. Ipumzishe, na mimi nipumzike."

Chemba bado imejaa hadi shingoni. Kamera, hata hivyo, ni nzima kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita mtaa wa shule, kwa bahati tu, mara tatu. Bomba la Buti Jeupe linanguruma. Alipomaliza, nilichungulia: ungeweza kulia chakula mle ndani.

Aliniamkia. "Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia mpira umekupasukia. Kesho nije na gari langu tusaidiane? Saa moja tu, kazi imekwisha."

Nikaitikia marahaba, nikamkumbusha kwamba maji hufuata mteremko. Akashukuru. Msaada wake sikuuhitaji, kwa maana wazo lilikuwa limeshafika.

Niliandike vizuri. Mabomba yote, kwa ndani, yanafanana. Video haina harufu. Namba ya kipande inaandikwa juu ya bahasha ya ripoti, na bahasha ninayo mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi nimefunua chemba ya mtaa wa shule na kushusha kamera. Mlinzi wa shule akauliza ninafanya nini. Nilimweleza kanuni za ukaguzi hadi akaomba ruhusa ya kurudi getini kwake.

Video imetoka safi mno. Ila kwenye mita ya ishirini na mbili kuna kibao cha chuma chenye namba saba, kimefungwa ukutani mwa bomba. Mafundi wazembe, wanasahau vitu popote! Mkandarasi mvivu angekipita kimya. Mimi nimekipa ukurasa mzima, ukurasa wa tisa, na mchoro, na pendekezo kwamba kiondolewe haraka. Ripoti ina kurasa kumi na nne. Mke wangu ameuliza kama bomba limezibuka. Nimemwambia aisome ripoti.

Ijumaa, 7 Machi

Mhandisi aliuliza kwa upole kipande changu ni kipi. Namba nne, nikasema. Akafungua ukurasa wa tisa, akausoma kwa sauti. Kisha akausoma tena, polepole zaidi.

Akaniuliza kama Jumatatu nilikuwepo ukumbini. Nikasema nilikuwepo, tena kiti cha mbele. Akaeleza kwamba kila kipande kiliwekewa kibao chenye namba yake, ili ijulikane nani amepiga picha wapi, na kwamba hilo alilisema siku hiyohiyo.

Buti Jeupe alikuwa anatazama mabuti yake. Akasema taratibu, bila kejeli, "Mwalimu, si wewe uliyetwambia tusome swali kabla ya kujibu?"

Kazi amepewa yeye. Mhandisi amesema ripoti yangu imesaidia: ni ushahidi wa pili kwamba namba saba imesafishwa barabara. Nilimshukuru. Si kila siku ripoti yangu husomwa mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Gari limeondoka. Aliyelivuta ni Buti Jeupe, anataka vipuri vyake. Mke wangu amemwita "mwanangu" na kumpa chai. Kabla gari halijapita getini, mke wangu alikuwa ameshika kamba ya nguo mkononi.

"Baba Watoto, shika ncha hiyo."

Nikashika. Ua ni mkubwa kuliko nilivyokumbuka. Aliniuliza, huku akifunga fundo, kama sasa nimejifunza. Nikamwambia sana.

Jumapili, 9 Machi

Wengi watadhani niliponzwa na kupiga picha bomba la mwenzangu. Hapana. Niliponzwa na namba.

Mji wa jirani nao umetangaza zabuni kama hii. Gari sina, lakini gari ni la kusafishia, na hapo mwanzo nilishaeleza kwamba maji ni msaidizi tu. Kamera ipo, chini ya kitanda.

La kufanya leo: nunua kopo dogo la rangi nyeupe na brashi yenye mpini mrefu, mita ishirini na mbili hivi.