Rambirambi kwa Mzee Anayekula Ndizi

Leo nimeaibika, jamani, na aibu yenyewe nimeiandika kwa mkono wangu.

Mnajua kazi yangu: naandika maneno, mgombea anayasema, watu wanadhani ni yake. Bosi wa sasa ni mama anayetaka ubunge. Asubuhi aliniambia leo nikifanya vizuri, nitabaki naye hadi uchaguzi. Nikiharibu, nitafute kazi kwingine.

Tulikuwa tunamtembelea Mzee Josphat wa Loresho, amelazwa hospitali moja kule Upper Hill. Ni mzee wa kanisa, na kanisa zima humsikiliza.

Sasa niwape siri ya kazi. Mtu mashuhuri akifa, wanasiasa hushindana nani atatuma rambirambi kwanza. Kwa hivyo mtu akilazwa tu, mimi huandika taarifa mbili: ya kumtakia nafuu, na ile ingine. (Msinitazame hivyo. Sote hufanya.)

Tukamkuta mzee kitandani anamenya ndizi, ana afya kunishinda. Bosi akamshika mkono, wakatabasamu, nikapiga picha. Nikaiweka na maneno yake kwenye ukurasa wa kampeni haraka haraka, nikajipongeza kimoyomoyo.

Simu ya mzee ikalia. "Hapana, niko hapa. Nakula ndizi." Ikalia tena. Mkewe, aliyeketi kando ya kitanda, naye akapigiwa, akaulizwa mazishi ni lini.

Nikafungua ukurasa. Mzee ana ndizi, bosi anacheka, na chini yake: "Tumempoteza mtu mpole, asiyewahi kumkosea yeyote. Lala salama."

Bosi akaniangalia. "Wewe, umefanya nini?"

"Madam, nimetuma ile ingine."

Mzee akaomba miwani. Akachukua simu yangu, akasoma polepole mpaka mwisho. Nikajua kazi imeenda.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, mzee. Naomba msamaha."

Akampa mkewe simu. "Mama Wanja, hebu soma. Eti mimi ni mpole. Wewe hujawahi niambia hivyo."

Mama Wanja akasoma, akairudisha. "Huyo ni mzee mwingine."

Mzee akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha akamwambia bosi, "Huyu kijana usimfute kazi. Siku yangu ikifika, ataweka hii hii. Asibadilishe kitu."

Kwa hivyo kazi ninayo bado. Lakini nawaomba, mliotuma pole kwenye ule ukurasa, acheni. Mzee anazisoma zote, na sasa ananipigia kuuliza mbona watu wa kwaya ya kanisa hawajatuma zao.